Bwana mifugo anayeishi kwa chupa ya dawa hadumu kijijini

Kwa miaka mingi maofisini na kwenye semina imekaa imani moja: huduma za mifugo vijijini zinakufa kwa sababu mfugaji hataki kulipa. Amezoea vya bure, husemwa, na hata akiwa na ng'ombe mia moja bado anataka serikali imletee kila kitu. Imani hiyo imeongoza maamuzi mengi, na kwa maoni yangu imetupoteza njia. Mfugaji analipa. Swali ambalo hatujalijibu ni analipia nini, analipa lini, na pesa yake inamfundisha mtaalamu kufanya kazi ya aina gani.

Tuanze na ndigana kali. Ugonjwa huu huenezwa na kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, na ndiyo muuaji mkubwa wa ndama katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Chanjo yake ilitokana na utafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970. Si chanjo rahisi hata kidogo. Ndama huchomwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe na, papo hapo, sindano ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini siku kadhaa. Anaugua kidogo, anapona, na kinga anayobaki nayo humdumu miaka mingi, mara nyingi maisha yake yote. Chanjo yenyewe huhifadhiwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi karibu 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja una dozi za makumi ya ndama, na ukishayeyushwa lazima uishe ndani ya saa chache. Kinachobaki humwagwa.

Kwa hiyo hakuna mtaalamu anayeweza kwenda kuchanja ndama mmoja. Lazima boma lote likubaliane, na boma la jirani pia, ndama wafungiwe asubuhi badala ya kutoka malishoni. Kila ndama akadiriwe uzito kwa utepe unaozungushwa kifuani, maana dozi ya dawa hutegemea kilo, kisha achomwe sindano mbili na kuvishwa hereni. Ni kazi ya vumbi na kelele, na inahitaji watu kupanga mapema na kupeana taarifa. Tena ni ghali: maelfu ya shilingi kwa ndama mmoja. Pamoja na hayo yote, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakiilipia chanjo hii kwa pesa zao wenyewe, na walioipeleka kwao wengi ni wataalamu binafsi. Hereni ya chanjo sikioni ikageuka kuwa hoja ya bei mnadani, kwa sababu mnunuzi anayeiona anajua huyo ng'ombe hatakufa kwa ndigana wiki ijayo.

Watu wanaosemwa kwamba hawalipii huduma wamelipia mojawapo ya chanjo ngumu na za gharama kubwa kuliko zote zinazotumika vijijini kwetu. Wamelipa kwa sababu waliona ndama wa jirani wakipona. Wamelipa pia kwa sababu bei ilijulikana kabla, siku ilijulikana kabla, na safari moja ya mtaalamu ilihudumia ndama wengi kiasi cha kumrudishia gharama yake. Hilo la mwisho ndilo ninaloona halizungumzwi vya kutosha.

Sasa linganisha na kazi ya kila siku ya bwana mifugo. Simu inalia saa mbili usiku: ng'ombe amelala chini, hali, anatoka povu puani. Tuseme kijiji hicho kiko kilomita 25. Kwenda na kurudi ni kilomita 50 za barabara ya vumbi kwa pikipiki, lita moja na zaidi ya petroli, na usiku mzima. Akifika anakuta mnyama aliyeugua siku ya tano, ambaye mwenyewe alishamchoma dawa mbili tofauti kabla ya kupiga simu. Mtaalamu akisema ukweli, kwamba mnyama huyu hatapona, hana cha kulipwa. Hakuna anayemlipa mtu kwa kumwambia ng'ombe wake anakufa. Akimchoma dawa, atalipwa angalau bei ya dawa, na ng'ombe akifa kesho yake deni lililobaki linakufa naye. Wataalamu wengi wa vijijini wana daftari la madeni ya namna hiyo, na wengi hawathubutu kudai kwa nguvu, maana mdaiwa ni jirani, ni shemeji, ni mtu wa msikiti mmoja au kanisa moja.

Mtu anayeishi kwa kazi ya namna hii atafanya nini? Atafungua duka la dawa. Atauza chupa mchana kutwa, atatoka usiku pale tu anapoona malipo ni ya uhakika. Simlaumu hata kidogo, ana watoto wa kulea. Lakini tukubali kwamba tumemjenga mfanyabiashara wa dawa na kumpa jina la mtaalamu wa afya ya mifugo.

Hatukufika hapa kwa bahati mbaya. Baada ya uhuru serikali zetu zilibeba karibu huduma yote: majosho, chanjo, matibabu, hata uhimilishaji, yaani kupandikiza ng'ombe mbegu za dume kwa mrija, kwa bei ya chini sana. Wazee wa vijiji vya wafugaji bado wanakumbuka siku ya josho, ng'ombe wakipangwa mistari mirefu na karani akiandika majina. Katika miaka ya 1980 hazina zilikauka. Dawa za kuogesha zikakosekana, magari yakakosa mafuta, majosho yakapasuka na kuota majani. Masharti ya wakopeshaji wa kimataifa yakaja na dawa yao: serikali ijitoe, soko liingie. Kenya ilisitisha ajira ya moja kwa moja kwa madaktari wapya wa mifugo mwaka 1988. Tanzania nayo ikabana ajira, kisha watumishi wa ugani waliobaki wakahamishiwa halmashauri, wakawa wanagombea bajeti moja na madarasa, zahanati na barabara.

Soko liliingia, lakini liliingia kwenye pesa. Kiambu, Arusha, viunga vya Dar es Salaam, kokote kwenye ng'ombe wa maziwa wa kisasa au mabanda makubwa ya kuku, daktari binafsi alipata wateja na bado anao. Nenda Kiteto, Longido, Meatu au Samburu: mifugo ni mingi, imetawanyika, inahama na msimu, na thamani ya mnyama mmoja haibebi gharama ya safari ya daktari. Huko hakufungua mtu kliniki. Pengo lililoachwa na serikali lilizibwa na chupa.

Inafaa kuitazama chupa hiyo kwa karibu. Oksitetrasaiklini ndiyo dawa maarufu kuliko zote. Mfugaji hata asiyejua kusoma anaitambua kwa rangi. Dozi ya kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito wa mnyama. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25, yaani zaidi ya bomba mbili za mililita 10. Kinachofanyika mara nyingi ni bomba moja, kwa sababu chupa ni ghali na ng'ombe ni wengi. Mnyama anapata nafuu kidogo, bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki. Wiki inayofuata sindano ile ile haifanyi kazi tena kama zamani, na mfugaji anahitimisha kwamba dawa za siku hizi ni feki. Kweli dawa bandia zipo sokoni, lakini hata halisi haiwezi kushinda kwa nusu ya dozi.

Kosa la pili ni kubwa kuliko hilo. Oksitetrasaiklini ikitolewa baada ya dalili za ndigana kali kujitokeza, haiokoi. Hapo inatakiwa buparvakwoni, dawa ya aina nyingine na bei nyingine kabisa, na itolewe mapema. Tofauti ya ndigana kali na magonjwa mengine huonekana kwa anayejua pa kutazama: tezi iliyovimba chini ya sikio, homa kali, kikohozi, kisha povu. Mtu aliyefundishwa huipapasa tezi ile kwanza kabla hajafungua begi la dawa. Mwenye duka hana mnyama mbele yake, ana mteja anayesema "ng'ombe hali, nipe ile ya njano." Pesa inabadilisha mikono, mnyama anakufa, na takwimu za ugonjwa haziandikwi popote kwa sababu hakuna mtaalamu aliyemwona.

Kisha kuna maziwa. Dawa hizi zina muda wa kusubiri kabla maziwa au nyama ya mnyama aliyetibiwa haijaliwa. Muda huo umeandikwa kwenye lebo kwa herufi ndogo, kwa lugha ambayo wengi hawaisomi, na hakuna anayefidia mfugaji kwa maziwa anayomwaga. Kwa hiyo hayamwagwi. Yanakuja mjini, yanachemshwa, watoto wetu wanayanywa. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unaanzia zizini na kuishia wodini, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu wa mjini asiye hata na kuku mmoja ajali nani anamlipa bwana mifugo wa kijijini.

Ninachosema ni hiki: mfumo wowote unaomlipa mtaalamu pale tu mnyama anapougua, tena kwa faida ya dawa aliyouza, hauwezi kudumu. Mtaalamu huyo akiwafundisha watu kuogesha mifugo vizuri, anapunguza kipato chake mwenyewe. Akichanja vizuri, wateja wanapungua. Akisema "huyu hahitaji dawa, mpe maji na kivuli," anarudi nyumbani mikono mitupu. Kazi yenye faida kubwa kwa kijiji ndiyo isiyo na malipo, na kazi yenye madhara ndiyo inayomlisha. Unaweza kuleta miradi ya wafadhili kila baada ya miaka mitatu, ugawe pikipiki na maboksi ya baridi na fulana zenye nembo. Mradi ukiisha, hesabu hiyo itarudi pale pale.

Mahali ambapo hesabu imebadilika ni kwenye maziwa. Chukua chama cha ushirika cha Githunguri, kaunti ya Kiambu, kilichoanzishwa mwaka 1961 na ambacho leo kina kiwanda chake na maziwa yake madukani. Mwanachama anapeleka maziwa kila siku. Akihitaji uhimilishaji, chakula cha ng'ombe au daktari, anahudumiwa leo na gharama inakatwa kwenye malipo yake ya maziwa ya mwezi. Hilo la makato linaonekana dogo, lakini ndilo lililobeba kila kitu. Mtaalamu hamdai jirani yake, anadai chama. Mfugaji hasubiri mpaka apate pesa taslimu ndipo apige simu, hivyo anapiga siku ya kwanza ya ugonjwa na si siku ya tano. Na chama chenyewe kina sababu ya kutaka ng'ombe wawe wazima, maana ng'ombe mgonjwa ni lita zilizopungua kiwandani na maziwa yenye dawa ni hasara ya chama chote. Kwa mara ya kwanza mlipaji anafaidika na afya badala ya ugonjwa.

Kwetu Tanga, ambako vyama vya msingi vya wafugaji wadogo vinakusanya maziwa na kuyapeleka kwenye kiwanda cha Tanga Fresh, mazingira ya mpango kama huo yapo. Vituo vya kukusanyia maziwa vya Nyanda za Juu Kusini na Kilimanjaro pia. Popote penye kituo cha maziwa pana daftari, na penye daftari pana uwezekano wa kukata kidogo kidogo kila mwezi kwa ajili ya huduma ya afya, hata kwa mwezi ambao ng'ombe hakuugua. Sehemu hizo ningeziachia vyama kwa kiasi kikubwa, serikali ibaki msimamizi wa ubora.

Ugumu uko kule kusiko na maziwa ya kuuza kila siku. Mfugaji wa Simiyu au Manyara hana mshahara wa mwezi. Pesa yake ni ya mnada, na anaipata pale anapouza dume au mbuzi watatu kwa sababu ya ada ya shule. Ugonjwa haungoji siku ya mnada. Ndiyo maana mipango ya kuchangia inayobuniwa na watu wenye mishahara, ya kila mwezi kiasi fulani, imekuwa ikifa kimya kimya katika maeneo haya. Mchango lazima ukatwe pale pesa inapopita.

Na pesa inapita wapi? Mnadani. Kila mnyama anayeuzwa analipiwa ushuru, na halmashauri za wilaya za wafugaji zinaishi kwa kiasi kikubwa kwa ushuru huo. Yapo maelekezo ya muda mrefu kwamba asilimia 15 ya mapato yanayotokana na mifugo irudi kuhudumia mifugo. Muulize diwani wa kata yoyote ya wafugaji ni shilingi ngapi zilirudi kwenye kata yake mwaka jana na zilinunua nini. Majibu utakayopata ndiyo yanayoeleza kwa nini josho la kijiji ni kavu kuliko hotuba yoyote inavyoweza kueleza. Mfugaji ameshalipa. Alilipa getini, akapewa risiti. Tunapomwambia achangie tena huduma kwa moyo wa kujitegemea, tunamtoza mara mbili.

Yako pia magonjwa ambayo hayapaswi kabisa kuachwa kwa uwezo wa mfugaji mmoja mmoja. Mfugaji akitibu ng'ombe wake kidonda, faida ni yake. Akichanja mbuzi wake sotoka ya mbuzi na kondoo, faida ni ya wilaya nzima na nchi jirani. Ugonjwa huo ulithibitishwa Tanzania mwaka 2008 ukitokea kaskazini, na dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030. Kichaa cha mbwa ni hivyo hivyo: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika, ukichanja wachache wenye wenyewe wanaojiweza, watoto wanaendelea kufa. Kimeta hivyo hivyo. Na mwishoni mwa 2006 mpaka katikati ya 2007, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 100 Kenya na zaidi ya 100 Tanzania. Kabla watu hawajaanza kufa, kondoo na mbuzi huanza kutupa mimba kwa makundi. Wa kwanza kuona ni mfugaji, na wa pili anapaswa kuwa mtaalamu wa karibu naye. Kama huyo wa pili hayupo, au yupo lakini halipwi kwa kutoa taarifa, wizara itapata habari kutoka wodini.

Kazi za namna hii zina mlipaji mmoja tu wa haki, nayo ni serikali. Lakini kulipa si lazima kumaanishe kuajiri. Nchi kama Moroko na Senegali kwa miaka mingi zimetumia utaratibu wa kuwapa madaktari binafsi dhamana ya kisheria: wanachanja kwa niaba ya serikali katika eneo walilopangiwa, wanatoa taarifa za magonjwa, na wanalipwa kwa kila mnyama waliyemchanja. Kipato hicho cha uhakika ndicho kinachomfanya daktari akubali kuishi mji mdogo. Muda uliobaki anatibu kwa malipo ya kawaida. Afrika Mashariki tumezungumza sana kuhusu ubia wa sekta ya umma na binafsi, lakini mkataba wa namna hii, wa kata kwa kata, bado ni mgeni kwetu.

Nafasi nzuri ya kuuanzisha ipo sasa hivi. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo ya miaka mitano: serikali inabeba nusu ya gharama ya chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na chanjo ya kuku inatolewa bure. Ni uamuzi mkubwa na ninauunga mkono kwa moyo wote. Mara nyingi huko nyuma tulichanja baada ya mizoga kuonekana. Wasiwasi wangu uko kwenye mikono inayoshika sindano. Kikosi kikitoka makao makuu ya wilaya na gari, kikachanja, kikaondoka, tutakuwa tumechanja mifugo na kumnyima mtaalamu wa kijijini kazi pekee yenye malipo ya uhakika. Kazi hiyo hiyo ikipitia kwake kwa mkataba, mabilioni yale yale yatakuwa yamechanja mifugo na kumweka mtaalamu kijijini kwa miaka mitano. Gharama ya chanjo haibadiliki. Kinachobadilika ni nani yupo siku ya mwaka wa pili ugonjwa unapolipuka katikati ya kampeni mbili.

Kuku wanahitaji neno lao, kwa sababu ndio mifugo ya mwanamke na ya maskini, na ndiyo inayosahaulika kwanza. Chanjo ya mdondo inayovumilia joto, ambayo huzalishwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ni tone moja jichoni. Inatakiwa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Mchanjaji mzuri, mara nyingi mama wa kijiji hicho hicho aliyepata mafunzo ya siku chache, huanza kabla jua halijachomoza, kuku wakiwa bado ndani, kwa sababu wakishafunguliwa hakuna wa kuwakamata. Anapita nyumba hadi nyumba, mtoto wa nyumba anashika kuku, yeye anadondosha. Kaya ishirini kabla ya saa mbili. Anapolipwa shilingi kidogo kwa kila kuku, anarudi baada ya miezi mitatu. Asipolipwa, harudi, na mdondo unapita Julai unafagia kijiji.

Chanjo bure, basi, isigeuke kuwa kazi bure. Dawa itolewe na serikali, lakini jasho la mama huyu lazima liwe na mlipaji anayetajwa kwa maandishi. Akiachwa aombe "ya soda" kwa wenye kuku walioambiwa redioni kwamba huduma ni bure, ataonekana tapeli katika kijiji chake mwenyewe, na tutampoteza.

Hapo tunafika kwenye mjadala wa nani anaruhusiwa kugusa mnyama. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe, iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, imetokomezwa; ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani baada ya ndui. Maeneo ya mwisho yalikuwa magumu kufikika, Karamoja, Sudan Kusini, nchi ya Waafar, na walioyafikia hawakuwa madaktari wenye digrii. Walikuwa wafugaji wenyewe, waliofundishwa wiki chache na kupewa chanjo iliyoweza kukaa wiki kadhaa bila friji. Mwaka huo huo wa 2011 Kenya ilipitisha sheria ya madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi ambayo haikuwapa nafasi wahudumu hao wa jamii. Tanzania, chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003, usajili ni wa madaktari na wataalamu wasaidizi waliopita vyuoni, kupitia Baraza la Veterinari.

Naielewa hofu ya madaktari. Wamesoma miaka mitano Sokoine au Kabete, na wameona madhara ya sindano mikononi mwa asiyejua. Mhudumu asiyesimamiwa naye hugeuka kuwa muuza chupa mwingine, na hao tunao wengi tayari. Lakini kumkataza mhudumu wa jamii hakumleti daktari Longido. Kunamwachia mfugaji duka peke yake. Mwaka 2024 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo wa stadi na mafunzo ya wahudumu hawa, kwa hiyo hoja kwamba hakuna kiwango cha kuwapimia imepungua nguvu. Wapewe orodha fupi ya kazi: kuchanja kuku, kutoa dawa za minyoo, kuhudumia vidonda, kusimamia josho, kutoa taarifa za vifo na utupaji mimba. Antibiotiki zibaki kwa mtaalamu aliyesajiliwa. Na kila mhudumu awe chini ya mtaalamu mmoja anayejulikana, ambaye analipwa kumsimamia. Usimamizi usiolipwa hubaki kwenye karatasi; nimeona hivyo kwenye miradi zaidi ya mmoja.

Vijana wa kuifanya kazi hii wapo. Kila mwaka wanatoka Tengeru, Mpwapwa, Buhuri, Madaba na kampasi nyingine za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo wakiwa na astashahada na stashahada, wanajua kupapasa tezi na kuchukua damu, kisha wanaishia kuuza vocha au kuendesha bodaboda mjini. Mara nyingi tunasema vijana hawataki kijiji. Mpigie mmoja wao hesabu ya kata moja: mkataba wa serikali wa chanjo unaolipwa kwa idadi ya mifugo, ada ya kusimamia josho inayotoka kwenye ile asilimia 15 ya mnada, posho ya kusimamia wachanjaji wa kuku na kutuma taarifa za magonjwa, na juu ya hapo matibabu ya kulipia. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Vikiwa pamoja vinamtosha kupanga nyumba, kuhudumia pikipiki na kukataa kuuza dawa isiyohitajika. Huo uwezo wa kukataa ndio ninaoutafuta katika mpango wowote ninaousoma, na mara nyingi siuoni.

Hakuna katika haya linalohitaji sheria mpya kubwa. Halmashauri zinaandaa bajeti zao miezi kadhaa kabla ya Julai. Ile ya wilaya ya wafugaji inaweza kubandika kwenye geti la mnada mapato ya mwezi na kiasi kilichorudi kwenye mifugo, na inaweza kuanza na kata tatu tu, mkataba wa mtaalamu mmoja kwa kila kata, ukiwa na idadi ya wanyama wa kuchanjwa, siku za josho na tarehe ya malipo. Tarehe ya malipo iandikwe kwanza. Kijana aliyecheleweshewa malipo miezi minne atarudi kwenye chupa, na atakuwa na haki.